Maswali ya Wasomaji: Msiuze Shamba Kabla ya Kutafuta Kibloku

Safu hii hujibiwa na mstaafu wa maabara ya patholojia anayeishi Langoni, Lamu. Mwezi huu zimekuja barua tatu za saratani ya utumbo mpana, tumeziweka pamoja.

SWALI

Assalaam aleikum, shangazi. Baba yangu ni fundi wa majahazi hapa Matondoni, ana miaka 58. Wiki tano zilizopita alipasuliwa Mombasa, akatolewa uvimbe wa utumbo mpana upande wa kulia. Ripoti inasema saratani imepenya ukuta wa utumbo lakini haijafika kwenye tezi: “Tezi 7 zimepimwa, zote salama.” Daktari amesema ni hatua ya pili. Binamu yangu aliyeko Dubai ametuma ujumbe kwamba siku hizi kuna kipimo cha damu kinachosoma jeni na kusema kama saratani itatembea au haitatembea. Mwingine ametwambia tupime KRAS. Bei tuliyotajiwa ni ya kuuza shamba la minazi, na ndilo pekee lililotubakia. Ndugu wamegawanyika. Baba mwenyewe amenyamaza. Tufanye nini? Na sisi watoto tuko salama? Babu naye alikufa kwa maradhi ya tumbo, hatukupata kujua ni nini.

Binti, Matondoni

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Mpe baba pole, umwambie nimemuulizia hali. Mtu aliyezoea kushinda juani na tezo mkononi, ukimlaza kitandani wiki tano, kunyamaza kwake si ajabu.

Nianze na lililo haraka. Shamba msiuze, angalau si wiki hii. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho limekwama kwenye tarakimu moja uliyoipita mbio: tezi 7.

Kazi hiyo nimeifanya miaka 31, basi niwie radhi nikueleze inavyokwenda. Utumbo uliokatwa huletwa maabara pamoja na mafuta yake, yale yanayoushikilia kama unavyoyaona kwenye matumbo ya mbuzi siku ya Idi. Tezi za limfu, vituo vya kinga ambavyo saratani hupitia ikianza kutembea, zimo ndani ya mafuta hayo, na kwa macho hazionekani. Unavaa glavu, unachukua mafuta kidogo kidogo, unayafinya kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, na mahali unapohisi kitu kigumu kama choroko unapasua uangalie. Nyingine ni ndogo kuliko punje ya mtama. Mwenye haraka huzipata tano au sita akafunika. Mwenye subira, katika mafuta yale yale, hupata kumi na nane. Mimi nimekaa saa nzima juu ya utumbo mmoja, shingo inauma, nikitafuta ya kumi na mbili.

Kumi na mbili ndiyo idadi inayotakiwa kila mahali, zisipungue hapo. Zikipungua, daktari hawezi kusema kwamba tezi za mgonjwa ni salama. Anaweza kusema tu kwamba zile zilizoonekana ni salama, na tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Kwa hivyo mgonjwa wa hatua ya pili ambaye tezi zake hazikutimia 12 huhesabiwa katika walio kwenye hatari zaidi ya saratani kurudi, pamoja na wale ambao utumbo wao uliziba au kutoboka, na wale ambao seli za saratani zimeonekana ndani ya mishipa midogo ya damu au ya limfu.

Mwambieni daktari aiandikie maabara na kuuliza: mafuta yaliyobaki bado yapo kwenye fomalini, ile dawa ya maji inayozuia nyama isioze? Kama yapo, yafinywe tena. Mabaki hayo hayawekwi milele, hutupwa baada ya wiki kadhaa, na baba yenu yuko wiki ya tano. Hilo ni la kufanya kesho asubuhi kwa simu.

Jambo la pili ni kibloku. Vipande vilivyochaguliwa kutoka kwenye uvimbe huingizwa nta ya moto, na nta ikiganda unapata kijitofali kidogo kuliko kibiriti. Kutoka kwenye kijitofali hicho mashine hukata utando wa mikroni tatu au nne, na mikroni ni milimita iliyogawanywa mara elfu. Utando ule huelea juu ya maji ya vuguvugu, umekunjamana kidogo, kisha unajinyoosha wenyewe ndipo unaunasa kwa kioo. Tofauti na yale mafuta, kibloku hukaa kabatini miaka. Kimetoka mwilini mwa baba yako na mna haki ya kuomba kipimwe tena, hapo hapo au mahali pengine. Watu wanafunga safari kwenda India na bahasha ya picha za skani, kibloku wamekiacha Mombasa, wakifika huko wanaambiwa watume mtu akakichukue. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja.

Katika kibloku hicho naomba mpime protini nne. Majina yake ni MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Yaandike kama yalivyo umpe daktari.

Kazi yake ni hii. Kila seli inapogawanyika hunakili vinasaba vyake, na katika kunakili hukosea. Protini hizi hupita nyuma zikikagua na kurekebisha, kama fundi anayepita na kalafati kwenye maungio ya mbao kabla chombo hakijashushwa majini. Tena hufanya kazi mbili mbili. Baba yako ataelewa ukimwambia ni kama wapasua mbao kwenye msumeno wa kuvutana, mmoja juu mmoja chini: MLH1 na PMS2, MSH2 na MSH6. MLH1 ikitoweka, PMS2 nayo haisimami. Maabara hutia dawa inayoshika protini moja moja, na chini ya hadubini kiini cha seli chenye protini hugeuka kahawia kama mdalasini. Kisicho nayo hubaki buluu. Na msomaji mwenye akili haangalii uvimbe peke yake. Huangalia kwanza seli nzima za jirani: zile lazima ziwe kahawia, kwa sababu protini wanayo watu wote. Zisipogeuka, basi rangi haikushika na kipimo hakina maana.

Katika wagonjwa 100 wa saratani ya utumbo mpana, kama 15 uvimbe wao umepoteza mojawapo ya protini hizo, na uvimbe wa upande wa kulia ndio unaoongoza. Kwa mtu wa hatua ya pili hiyo ni habari njema, ingawa inasikika vibaya. Uvimbe wa namna hiyo umejaa makosa mengi hata askari wa mwili wanautambua kuwa ni mgeni na kuushambulia, na mara nyingi hautembei upesi. Tena fluorouracil, dawa ya kemo ya kuua seli za saratani, ikitolewa peke yake katika hatua hiyo haiwasaidii hao. Kwa hivyo jibu la protini nne laweza kumwepusha baba na miezi ya kemo isiyo na faida. Na kama protini zote zipo, huku tezi zikibaki 7, daktari ana sababu ya kukaa nanyi kuzungumza juu ya kemo, na mazungumzo hayo yasicheleweshwe, maana ikihitajika inafaa ianze ndani ya wiki nane tangu upasuaji. Hesabu mwenyewe mmebakiwa na ngapi.

Unaona sasa kwa nini nimesema shamba lisubiri? Kinachoelekeza matibabu ya baba yako kwa sasa ni hesabu ya choroko na rangi ya mdalasini.

Tuje kwa KRAS. Aliyekwambia hakusema uongo, amekosea wakati. KRAS ni jeni inayoiambia seli ikue au itulie. Katika kama wagonjwa 40 kwa kila 100 imebadilika, ikakwama kwenye “kua”. Faida yake kubwa ni kuchagua dawa saratani ikishatembea: dawa za cetuximab na panitumumab kwa kawaida hazimfai mgonjwa ambaye KRAS, au jeni mwenzake NRAS, imebadilika, tena zaweza kumdhuru, basi hupimwa kabla ya kuzitoa. Baba yako hayuko huko. Mkilipia leo mtapata karatasi, na karatasi hiyo haitabadilisha chochote atakachofanya daktari Jumatatu. Ikija siku ikahitajika, kibloku kipo, kitapimwa.

Na kile kipimo cha damu cha Dubai? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo zuri na sitaki ufikiri nalidharau.

Mwaka 1889 daktari wa Uingereza, Stephen Paget, aliandika kuhusu wanawake waliokufa kwa saratani ya matiti. Alijiuliza kwa nini saratani inaota mara nyingi zaidi kwenye viungo fulani na si vingine, ilhali damu inafika kila mahali. Akasema seli za saratani ni mbegu, na mbegu haioti ila kwenye udongo unaoikubali. Sisi wa Lamu hatuna haja ya kwenda Uingereza kulielewa hilo. Panda mashua upite mkondo wa Mkanda wakati mikoko inaangusha miche yake. Miche mirefu ya kijani inaelea kwa mamia, inapelekwa na maji. Mingi inakwama mchangani ikakauka, mingi inatoka bahari kuu isirudi. Mmoja mmoja unafika kwenye tope laini, unasimama, na mwakani una majani. Seli za saratani ya utumbo mpana ziko hivyo hivyo. Damu ya utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda kwingine, basi ini ndilo tope la kwanza wanalokutana nalo, na mapafu hufuata.

Kipimo cha binamu yako hakitafuti miche yenyewe. Kinatafuta maganda: vipande vidogo vya vinasaba ambavyo seli za saratani zikifa huviacha vikielea kwenye damu. Kama uvimbe umeshatolewa na wiki kadhaa baadaye maganda bado yanaonekana, basi kuna mahali mti umebaki. Wagonjwa wa namna hiyo wasipotibiwa, wengi wao saratani hurudi. Australia walifanya utafiti wa wagonjwa 455 wa hatua ya pili, matokeo yakatoka mwaka 2022. Kundi moja madaktari waliamua kemo kwa njia ya kawaida, kundi la pili waliamua kwa kipimo hicho cha damu, kikichukuliwa wiki ya nne na ya saba baada ya upasuaji. Kundi la kawaida 28 kwa kila 100 walipewa kemo. Kundi la damu 15 tu. Na baada ya miaka miwili walioishi bila saratani kurudi walikuwa karibu sawa, 92 na 94 kwa 100. Maana yake wapo watu walioepushwa na sumu ya kemo bila kupoteza kitu. Nilipoyasoma matokeo hayo nilifurahi kama mtu aliyeletewa mjukuu.

Lakini damu safi haisemi kwamba mwili ni safi. Mti mdogo hauangushi maganda ya kutosha kuonekana. Na kipimo hiki hakichukui nafasi ya zile tezi wala zile protini nne. Mkiwa na uwezo bila kuuza shamba, baada ya kuyapata hayo mawili, mwulizeni daktari. Kuuza minazi inayowalisha ili mjue asilimia, huku tezi hazijahesabiwa, siwezi kuwashauri.

Umeuliza pia habari ya watoto, na hapo nina langu.

Kaka yangu alikuwa nahodha. Alipasuliwa mwaka 2009 katika hospitali ambayo sitaitaja. Jumatatu asubuhi nilifungua sanduku la vifurushi vilivyoletwa maabara, nikashika chupa, nikasoma lebo, jina ni la kaka yangu. Sikuwa najua kama ameshapasuliwa. Chupa ilikuwa ndogo, utumbo umekunjwa kwa nguvu ndani yake, haukupasuliwa ukaoshwa, na fomalini ilifika nusu tu. Inatakiwa iwe kama mara kumi ya ukubwa wa kilichomo. Ulikuwa umekaa hivyo tangu Alhamisi, katika joto la Machi. Juu ulikuwa umekauka, katikati umelainika kama papai lililoiva mno. Tulipata jina la saratani, tulipata hatua. Miaka michache baadaye, alipokwisha kufariki, nilikitoa kibloku chake tukakitia zile rangi nne. Hata seli nzima za jirani zilibaki buluu. Hakuna kilichoshika. Niliviangalia vioo vile hadi macho yakaniuma, kana kwamba nikiangalia sana vitageuka.

Nilichotaka kujua ni kama ugonjwa wake ulikuwa wa kurithi. Katika kila wagonjwa 100 wa utumbo mpana, kama 3 wana hali iitwayo Lynch, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeifuatilia katika familia. Mtu huzaliwa na nakala mbovu ya mojawapo ya jeni zinazotengeneza zile protini nne za ukaguzi, au jeni moja iliyo jirani nayo, na kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi. Wanawake wenye hali hiyo wana hatari ya saratani ya mji wa mimba pia, basi dada zako wasisahauliwe.

Kwa hiyo kipimo kile kile cha baba ni kipimo chenu. MSH2 au MSH6 ikikosekana, fikirieni urithi mara moja. Ikikosekana MLH1 na mwenzake, ulizeni jeni ya BRAF ipimwe kwenye kibloku hicho hicho. Ikiwa imebadilika kwa namna iitwayo V600E, karibu kila mara si ya kurithi, ni uvimbe uliozima MLH1 wenyewe kwa sababu ya umri. Isipokuwa imebadilika, familia ipimwe damu. Mwenye Lynch huanza kuingizwa kamera ya utumbo akiwa na miaka 20 hadi 25, na kurudia kila mwaka mmoja au miwili. Hata isipokuwa Lynch, mtoto wa mgonjwa aanze akifika miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliougulia mzazi, lipi litangulie. Baba kaugua na 58. Kwenu ni 40.

Watoto wa kaka yangu niliwasumbua bila jibu la maabara mkononi. Walichoka na mimi, mmoja aliacha kushika simu yangu. Binti mkubwa alikubali akiwa na miaka 36, wakamkuta na polipu mbili, vijinyama vinavyoota ndani ya utumbo, wakazikata siku hiyo hiyo.

Babu yenu hatuwezi kumpima tena. Lakini kaeni na wazee mwulize: alikufa na miaka mingapi, alikuwa akitoka damu chooni, na ndugu zake walikufa kwa nini. Andika kwenye daftari, umpelekee daktari. Niandikie tezi zikihesabiwa upya.

SWALI

Shikamoo bibi. Mama yangu alipasuliwa mwaka jana, saratani ya utumbo mpana hatua ya tatu, akamaliza kemo miezi minne iliyopita. Kipimo chake cha CEA kilikuwa 2.9, sasa kimetoka 7.8. Cha kwanza tulifanya Mombasa, hiki maabara ya hapa mjini. Nimeambiwa kawaida ni chini ya 5. Karatasi nimeificha chini ya godoro, mama hajui. Imerudi?

Kijana, Barani, Malindi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwa karatasi moja hakuna anayeweza kukwambia imerudi, wala kwamba haikurudi.

CEA ni protini ambayo utumbo wa mtoto aliye tumboni huitengeneza kwa wingi, kisha mtoto akizaliwa karibu inakoma. Mwaka 1965 Phil Gold na Samuel Freedman, kule Montreal nchini Kanada, waligundua kwamba uvimbe wa utumbo mpana huianzisha upya. Ni alama ya zamani, ni rahisi, na mpaka leo ndiyo inayotumika zaidi kumfuatilia mtu aliyekwisha kupasuliwa: kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kila miezi sita mpaka utimie mwaka wa tano. Lakini haina adabu. Sigara huipandisha, ini likiugua huipandisha, uvimbe wa kawaida wa utumbo huipandisha. Na mashine mbili za maabara mbili, kwa damu ile ile, zaweza kutoa namba mbili tofauti. Ukipima urefu kwa mkono wa baba na kesho kwa mkono wa mtoto, utasema nguo imerefuka.

Rudieni kipimo, na mrudie kule kule Mombasa kilikofanyiwa cha kwanza. Msingoje miezi mitatu, wiki mbili tatu zinatosha. Ikiwa imeshuka, mnaendelea na ratiba. Ikibaki juu au ikipanda zaidi, haitibiwi namba: hutafutwa chanzo kwa skani ya CT ya kifua na tumbo, na kamera ya utumbo kama imepita muda. Mwulize daktari pia CEA ya mama ilikuwa ngapi kabla ya upasuaji. Kama ilikuwa juu ikashuka baada ya kukatwa, basi uvimbe wake ni wa kutoa alama hiyo, na kupanda kwake kuna uzito. Wapo ambao uvimbe wao hautoi CEA kabisa, hao namba nzuri isiwatulize.

Najua unachoogopa. Basi jua na hili: saratani ya utumbo mpana ikirudi kwenye ini peke yake, madoa machache, ini hukatwa sehemu na linaota tena, na wapo wanaopona moja kwa moja. Sio wote wanafaa, lakini anayefaa ni yule aliyeonekana mapema, madoa yakiwa machache. Ndiyo faida yote ya kumfuatilia mtu kwa CEA. Hapo ndipo pia KRAS, NRAS, BRAF na zile protini nne nilizomweleza binti wa Matondoni huwa na kazi, kwa sababu sasa zinachagua dawa. Ikiwa protini imekosekana, kuna tiba ya kuamsha kinga ya mwili, dawa ya pembrolizumab, ambayo tangu mwaka 2020 imeruhusiwa Marekani kuwa tiba ya mwanzo kwa saratani iliyotembea ya aina hiyo. Bei yake ni kubwa, sikufichi. Lakini ulizeni kama uvimbe wa mama ulipimwa, na kama haukupimwa, kibloku kiko wapi.

Karatasi itoe chini ya godoro. Mama yako amepasuliwa na amemaliza kemo, ana moyo kuliko wako na wangu. Damu ni yake. Keti naye baada ya alasiri, nyumba ikiwa kimya, umwambie: mama, namba imepanda, inatakiwa irudiwe, nitakupeleka. Maneno hayo yanatosha. Akiuliza kama imerudi, mwambie hujui, kwa sababu ndio ukweli.

SWALI

Bi mkubwa, mzee wangu anatoka damu chooni miezi mitatu sasa. Anakataa kamera. Anasema saratani ikiguswa na chuma hutawanyika, rafiki yake alipimwa akafa mwezi wa pili. Ni kweli?

M., Mkomani, Lamu

JIBU

Si kweli, mwanangu, na usimcheke, kwa sababu alichokiona amekiona. Rafiki yake alipimwa akafa. Lakini mtu anayekufa mwezi wa pili baada ya kipimo alikwenda na ugonjwa uliokwisha kutembea zamani. Seli haingoji chuma kuingia kwenye damu, huingia yenyewe kimya kimya, uvimbe ukiwa bado umelala tumboni. Kipande kinachochukuliwa kwa kamera hakizidi punje ya mchele, na hakisambazi saratani hii.

Tena damu chooni yaweza kuwa bawasiri, yaweza kuwa polipu ambayo haijageuka kitu, ikakatwa papo hapo ikaisha. Mweleze atakavyokwenda: siku moja kabla anakunywa dawa ya kusafisha tumbo, hiyo ndiyo sehemu mbaya, awe karibu na choo. Siku yenyewe anapewa sindano ya usingizi mwepesi. Kamera ni mpira laini unaopinda, unene wake kama kidole. Kazi yenyewe huchukua kama nusu saa hadi saa moja. Mpande boti ya asubuhi kwenda Mokowe, mlale kwa jamaa usiku mmoja, na kesho yake jioni awe amerudi barazani kwake.